Albamu Kumi za Jazz: Anzia 1959

Mwambie mwanafunzi mwenzako kwamba unasikiliza jazz, halafu angalia anavyokujibu. Mmoja atauliza, "Jazz ipi, ya Mbaraka Mwinshehe?" Mwingine atacheka na kusema umeanza kujikweza, kwamba huo ni muziki wa hoteli kubwa, ule wa kusindikiza supu wakati watalii wanakula.

Wa kwanza simlaumu. Nchi hii imekuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na NUTA Jazz ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Kongo kulikuwa na OK Jazz ya Franco. Bendi hizi zilipiga dansi na rumba. Neno "jazz" kwao lilikuwa kibandiko cha kusema sisi ni bendi ya kisasa, ya mjini, yenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Muziki wao naupenda, ila sio ninaouzungumzia hapa. Nazungumzia ule uliotoka kwa watu weusi wa Marekani, New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20.

Huyo wa pili, wa supu na hoteli, ndiye nataka kubishana naye. Wengi waliotengeneza muziki huu hawakuruhusiwa kulala kwenye hoteli za namna hiyo, na wachache kati yao walifika mahali wakaamua kujiita majina ya Kiswahili. Nitafika huko. Kabla ya hapo nataka uwe na albamu kumi nyumbani, na nikisema nyumbani namaanisha popote unapolala, hata kama ni chumba cha watu wanne chenye kabati moja.

Kwanza tuelewane namna jazz inavyofanya kazi, maana bila hilo utaona watu wanapuliza tu. Fikiria malumbano ya washairi. Wa kwanza anatoa shairi lenye vina na mizani yake. Anayejibu hana ruhusa ya kuvunja vina wala mizani, lakini maneno ni yake, hoja ni yake, na anaweza kumgeuzia mwenzake kibao humo humo ndani. Jazz ndo hivyo. Bendi inapiga wimbo mara moja, tuseme dakika moja hivi. Kisha wimbo unaanza kuzunguka upya bila kupigwa waziwazi: besi na piano vinashika mizani, na mpuliza saksofoni anatunga papo hapo juu yake. Akimaliza zamu yake anampisha mwenzake. Mwishoni wote wanarudi kwenye wimbo wa mwanzo. Ukipotea katikati, endelea kuuimba ule wimbo wa mwanzo kichwani mwako. Utaona mpulizaji bado yuko ndani yake.

Sasa, tuanze wapi? Wengi wanaopanga orodha za jazz huanza miaka ya 1920 na kupanda ngazi hadi leo. Mpangilio huo unapendeza kwenye notisi za historia, ila kwa masikio ni adhabu. Rekodi za wakati ule zina mikwaruzo na sauti imebanwa kama ya simu mbovu. Mtu aliyekulia kwenye bongofleva na amapiano anakata tamaa dakika ya pili. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwenda kutoka kinachojulikana kuelekea kisichojulikana. Kwa hiyo mimi naanzia katikati, mwaka 1959, halafu narudi nyuma, halafu ndo naenda mbele.

Mwaka ule kampuni ya Columbia ilikuwa na studio New York, Mtaa wa 30, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Humo humo, kati ya Machi na Agosti, zilirekodiwa albamu tatu ambazo mpaka leo ndizo mlango wa jazz kwa watu wengi duniani. Tatu, studio moja, mwaka mmoja.

Ya kwanza ni Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta. Ina nyimbo tano, dakika 45 hivi, na ilirekodiwa kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22. Ili uelewe kwa nini inasifiwa, lazima ujue kilichokuwepo kabla yake. Jazz ya miaka ya 1940 na 1950 ilijaa kodi, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa mkupuo mmoja, na zilikuwa zinabadilika kila baada ya mapigo machache. Mpulizaji alikuwa kama mtu anayekimbia juu ya mawe ya mto. Davis akaondoa mawe mengi. Kwenye So What, wimbo wa kwanza, mpulizaji anapewa ngazi moja tu ya sauti na kuachiwa humo kwa muda mrefu, kisha ngazi ile ile inapandishwa kidogo sana, kisha inarudi chini. Ukisikiliza vizuri utasikia kupanda huko, kama gari linavyobadilisha gia. Kwa sababu kuna nafasi, hakuna anayekimbia. Davis ananyamaza pale ambapo mwingine angejaza noti kumi.

Mwanzo wa wimbo huo ni wa kumfundishia mtu yeyote. Besi ya Paul Chambers inasema kitu, wenzake wanaitikia kwa sauti mbili fupi. Besi inasema tena, wanaitikia tena. Ni hodi na karibu. Baada ya hapo sikiliza tofauti ya wapuliza saksofoni wawili waliomo: Cannonball Adderley anacheka na kutembea kwa maringo, John Coltrane anatafuta kitu kwa haraka kama aliyepoteza funguo. Bill Evans yuko kwenye piano, isipokuwa wimbo mmoja, Freddie Freeloader, ambao piano ni ya Wynton Kelly.

Na hapa kuna jambo la kuangalia unapochukua nakala. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine moja ya kanda haikwenda kwa mwendo sahihi, kwa hiyo upande wa kwanza wa santuri ulitoka ukiwa na kasi kidogo kuliko ulivyopigwa. Kosa hilo lilisahihishwa kwenye toleo la 1992. Chukua la kuanzia hapo.

Albamu ilitoka Agosti 17, 1959. Siku nane baadaye Davis alikuwa anapiga kwenye klabu ya Birdland, New York. Wakati wa mapumziko alimsindikiza mwanamke mzungu kwenye teksi, akabaki nje anavuta sigara. Askari akamwambia asogee. Davis akaonyesha jina lake lililoandikwa kwenye ubao wa klabu, kwamba anafanya kazi hapo. Alipigwa kichwani mpaka damu ikatapakaa kwenye suti, na akakamatwa. Huyo ndiye mtu aliyetengeneza muziki ambao kwenye hoteli unaambiwa ni wa kutuliza mishipa.

Ya pili ni Mingus Ah Um ya Charles Mingus, mpiga besi mwenye hasira na moyo laini kwa pamoja. Wimbo wa kwanza ni kanisa tupu, kanisa la kupiga makofi, na kama umewahi kukaa kwenye ibada ya uamsho hutahitaji maelezo. Goodbye Pork Pie Hat ni maombolezo ya Lester Young, mpuliza saksofoni aliyefariki Machi mwaka huo huo. Jina la wimbo linataja kofia aliyopenda kuvaa. Lakini unaotuhusu zaidi sisi wanafunzi ni Fables of Faubus. Mwaka 1957 Orval Faubus, gavana wa Arkansas, alipeleka wanajeshi kuzuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari ya Little Rock. Watoto waliokuwa na madaftari mkononi, mbele yao bunduki. Mingus akamtungia gavana wimbo wa kejeli. Columbia hawakukubali maneno yake, kwa hiyo kwenye albamu hii umetoka bila maneno, na ajabu ni kwamba kejeli inasikika vile vile: wimbo unatembea kwa madaha ya mtu mnene anayejiona mkubwa, unajikwaa, unajirekebisha tai. Mwaka 1960 Mingus aliurekodi tena kwa kampuni nyingine ndogo, safari hii na maneno yote.

Ya tatu, Time Out ya Dave Brubeck, sitaikalia muda mrefu, ni rahisi kuipenda. Brubeck alikuwa mzungu, mpiga piano, na baada ya kusikia wanamuziki wa mtaani Uturuki aliamua kutengeneza albamu yenye hesabu zisizo za kawaida. Take Five ina mapigo matano badala ya manne. Jaribu kuhesabu kwa vidole, moja mpaka tano, halafu rudia. Baada ya dakika mbili mguu utazoea wenyewe. Wimbo huo haukutungwa na Brubeck bali na mpuliza saksofoni wake, Paul Desmond, ambaye katika wosia wake aliacha mapato ya kazi zake yaende Msalaba Mwekundu wa Marekani. Mpiga besi, Eugene Wright, alikuwa mweusi. Mwaka 1960 Brubeck alipangiwa ziara ya vyuo vya kusini mwa Marekani, na vyuo vingi vikamtaka abadilishe mpiga besi kwanza. Alikataa, na ziara karibu yote ikafa. Vyuo, jamani. Sehemu za watu wasomi.

Ukishazizoea hizo tatu, rudi nyuma, lakini pitia kwenye daraja. Daraja langu ni Ella and Louis ya 1956, Ella Fitzgerald na Louis Armstrong wakiimba pamoja, sauti ya maji safi na sauti ya changarawe. Haina ugumu wowote. Mpigie hata mama. Ukishampenda Armstrong mzee, ndipo utakuwa na subira ya kumsikiliza Armstrong kijana kwenye rekodi zake na Hot Five na Hot Seven, za 1925 hadi 1928. Wakati ule hapakuwa na albamu kama tunavyozijua, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu tu, kwa hiyo utachukua mkusanyiko. Hakikisha ndani yake yumo West End Blues wa 1928. Tarumbeta inaanza peke yake, sekunde chache tu bila bendi, na katika sekunde hizo unasikia mtu akitangaza kwamba kuanzia leo mpiga solo ndiye mwenye uwanja.

Armstrong baadaye aliitwa kibaraka na vijana kwa sababu ya tabasamu lake la jukwaani. Wajue pia kwamba wakati wa sakata la Little Rock, yeye ndiye aliyemsema hadharani Rais Eisenhower kwa kuchelewa kuwalinda wale watoto tisa, akakataa kwenda Urusi kuiwakilisha serikali yake.

Duke Ellington naye hakosekani, na kwake nachagua Ellington at Newport, tamasha la Julai 7, 1956. Wakati huo watu walishamwona Ellington amepitwa na wakati. Katikati ya wimbo mmoja mrefu, Paul Gonsalves akasimama na saksofoni yake, akazungusha wimbo mara 27 mfululizo, umati ukainuka kwenye viti. Bahati mbaya alipuliza kwenye maikrofoni ya redio badala ya ile ya kampuni ya kurekodi, na albamu ya mwanzo ilijazwa vipande vilivyopigwa upya studio na makofi ya kubandika. Miaka mingi baadaye kanda ya redio ilipatikana, na mwaka 1999 likatoka toleo kamili la tamasha lenyewe. Usichukue lingine. Kwenye hilo unamsikia hata Ellington akipiga kelele kumsukuma Gonsalves aendelee.

Sasa tunaenda mbele. A Love Supreme ya John Coltrane, yule aliyekuwa anatafuta funguo kwenye Kind of Blue. Ilirekodiwa siku moja, Desemba 9, 1964, ikatoka 1965. Ni sala ya shukrani. Coltrane alikuwa ameacha heroini mwaka 1957 na aliona ni mkono wa Mungu. Ina sehemu nne, dakika 33 hivi, na yote imejengwa juu ya noti nne za besi. Kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza Coltrane anazichukua noti hizo na kuzipeleka kwenye kila ufunguo wa muziki, kama mtu anayezunguka nyumba akibariki kila chumba. Sehemu ya nne ni ya kushangaza zaidi: Coltrane aliandika shairi la kumsifu Mungu, limechapishwa kwenye jalada, na kwenye saksofoni analisoma silabi kwa silabi bila kulitamka. Anayejua kusoma kaswida au utenzi kwa mahadhi atamwelewa haraka kuliko profesa wa muziki.

Halafu Kiswahili. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na bendi kubwa kurekodi albamu iitwayo Uhuru Afrika. Sio tafsiri yangu, ndilo jina lake. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya ufunguzi, na Mtanganyika mmoja, Tuntemeke Sanga, akayasoma kwa Kiswahili. Sisi wenyewe tulikuwa bado mwaka mmoja na zaidi kabla ya Desemba 9! Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues. Aliyepanga muziki wa vyombo vyote ni mwanamke, Melba Liston, mpuliza tromboni, na nadhani ndiye anayestahili nusu ya sifa: sikiliza sehemu iitwayo Bantu, jinsi ngoma na vyombo vya kupuliza vinavyosukumana bila kuumizana. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ilipiga marufuku albamu hii Afrika Kusini. Nimewapigia wenzangu wa darasa la fasihi na karibu wote hawakuwahi kuisikia, wakati tunatumia mihula mizima kujadili hadhi ya Kiswahili duniani.

Miaka kumi baadaye Herbie Hancock, aliyewahi kupiga piano kwa Miles Davis, alitoa albamu iitwayo Mwandishi. Ilirekodiwa siku ya mwisho ya 1970, ikatoka 1971. Mwandishi lilikuwa jina alilojipa, na kila mwanabendi alikuwa na lake. Buster Williams wa besi alijiita Mchezaji, na hapo utatabasamu, maana kwetu mchezaji ni wa mpira na wa muziki ni mpigaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Bibi yangu akilisikia hilo angetafuta ubani. Bahati nzuri mganga alikuwepo humo humo: Eddie Henderson wa tarumbeta alijiita Mganga, naye kweli alikuwa daktari wa hospitali aliyesomea udaktari. Kuna hata mpiga ngoma mgeni anayeitwa Ndugu, yaani Leon Chancler. Tunaweza kucheka sarufi yao, lakini fikiria hao ni watu ambao lugha za babu zao zilikatwa kwenye meli za utumwa, wakatafuta lugha ya Kiafrika ya kujiitia, wakaichagua hii tunayoona aibu kuitumia kwenye semina.

Muziki wenyewe ni mgumu kuliko zote kumi, nakuonya. Nyimbo tatu tu, mmoja una zaidi ya dakika 20. Wa kwanza, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis, unakwenda kwa mapigo 15. Usihesabu. Shika ile besi inayojirudia, acha vingine vielee juu yake.

Ya kumi ni ya kupumzikia: Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, wakati huo akijulikana kama Dollar Brand, iliyorekodiwa Cape Town 1974. Upande mmoja ni wimbo mmoja wa dakika 13 hivi, mzunguko ule ule wa kodi chache, na saksofoni ya Basil Coetzee juu yake. Jina ni la mtaa walikohamishiwa watu kwa nguvu na sheria za ubaguzi, na wimbo ukawa kama wimbo wa taifa wa waliopinga. Hakuna neno hata moja la siasa ndani yake. Washkaji wanaodai hawapendi jazz huwa wanatikisa kichwa kwa huu bila kuuliza ni nini.

Kuhusu kuzipata. Ukizishusha ndani ya programu ya kulipia kwa mwezi, kumbuka siku ukiacha kulipa zinafungwa. Kama unataka mkusanyiko wa kwako, bumu likiingia nunua faili moja moja, weka kwenye flashi mbili. Zima ile sehemu inayochanganya mpangilio wa nyimbo, hasa kwa Coltrane, ambaye ukimchanganya umemvunjia sala. Na sabufa zetu za hosteli zimetengenezwa kutikisa ukuta, zinaigeuza besi ya Chambers kuwa ngurumo. Punguza besi karibu yote, au tumia hedifoni hata za bei ndogo.

Mtu atauliza kwa nini sijamtaja Ornette Coleman, ambaye albamu yake The Shape of Jazz to Come ni ya 1959 pia, au Bitches Brew ya Davis mwenyewe. Ziache kwanza. Siku utakapojikuta unapiga So What kwa mluzi kwenye foleni ya chakula, pamoja na ile sehemu inayopanda na kushuka, chukua ya Coleman usiku huo huo.